Maharage Niliyoyachagua Mwaka wa Mafua

Kibuyu hiki hapa mezani kwangu kinanuka moshi mpaka leo, ingawa ni miezi minne sasa tangu kishushwe kutoka juu ya jiko la mama yangu. Ukitoa kizibo, kwanza unapata moshi, halafu majivu, halafu kwa chini kabisa harufu ya maharage makavu, vumbi kidogo na utamu kidogo. Mke wangu ameshaniuliza mara mbili kitu hicho kinafanya nini juu ya meza ya kioo. Nimemwambia aniache.

Mimi si mtu wa kuandika. Darasa la tatu niliingia, sikulimaliza. Lakini uliza kuanzia Nyololo mpaka Mbeya mjini, watakwambia mimi ni nani. Nina malori mawili, nina mashine ya kupasulia mbao, nina mashamba ya miti ya misindano ambayo ukisimama juu ya kilima huoni yanakoishia, safu kwa safu, aina moja tupu, imenyooka kama askari kwenye gwaride. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Hakuna mzungu wala padri aliyeniandikia barua. Nasema hivi si kwa kujisifu, au tuseme ni kwa kujisifu kidogo, maana mtu aliyetoka nilikotoka mimi ana haki hiyo.

Ila kuna hadithi moja nimeisimulia vibaya kwa miaka zaidi ya thelathini. Nimeisimulia kwenye harusi, nimeisimulia kwenye baa pale Makambako, hata kanisani siku moja niliposimama kutoa shukrani. Ni ile ya namna nilivyookoa nyumba yetu mwaka wa mafua makubwa, nikiwa na miaka tisa. Mama aliisikia mara nyingi, amekaa pale pale, mikono mapajani, na hakunikatiza hata mara moja. Sasa naiandika ilivyokuwa.

Wenzangu wa rika langu mliolelewa kwenye milima yetu mnajua kinyungu ni kitu gani. Kwa vijana wanaonunua mboga sokoni, nitaeleza. Kule juu mlimani unalima mahindi na ulezi wakati wa mvua. Mvua ikiisha, mlima unakauka, na chakula cha ghalani kinashuka kila siku. Hapo ndipo watu wanateremka bondeni, kwenye udongo mweusi unaokaa na maji kiangazi chote. Wanachimba mifereji, wanainua matuta, wanapanda maharage. Hilo shamba la bondeni ndilo kinyungu. Ukichelewa kulipanda, udongo unakuwa mgumu kama sufuria, na mwezi wa kwanza, mahindi mapya yakiwa bado yana nywele, nyumba yako haina kitu cha kupika. Kwa hiyo kinyungu hakikuwa bustani ya kujifurahisha. Kilikuwa ndiyo sisi.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na mdogo wangu Vero aliyekuwa wa miaka mitano. Baba alikuwa kwenye mashamba ya chai upande wa pili wa Mufindi, akija mwisho wa mwezi na sukari na kipande cha sabuni ya mche. Mama hakuwa wa kwetu. Alikuwa Msafwa, aliolewa kutoka milima ya Mbeya, na mpaka anakufa alisema Kihehe kwa lafudhi iliyowafanya wanawake wenzake wacheke. Mimi aliniita Baba, kwa sababu nilibeba jina la baba yake.

Siku alipoletwa kama bibi harusi alikuwa amebeba kibuyu hiki. Ndani yake kulikuwa na maharage ya mbegu, si ya rangi moja, bali yamechanganyika kama changarawe za mtoni. Jirani yetu Mama Agatoni, ambaye ulimi wake ulikata kuliko panga, alisimulia kila mwaka alivyochungulia siku ile na kusema, "Jamani, huyu kapewa maharage au kaokota barabarani?" Lakini mwaka wa pili Mama Agatoni huyo huyo alikuja na upindo wa kanga kuomba konzi moja. Mama akampa, naye akaleta konzi ya kwake. Ndivyo wanawake walivyofanya. Unatoa konzi, unapewa konzi, na kila rangi inabaki na jina la aliyeileta. Ile ya njano iliitwa Mama Agatoni. Ya kijivu yenye mistari kama yai la kware iliitwa shangazi wa Mbalizi. Nyekundu kubwa ilikuwa ya mama mkwe wake. Nyeupe ndogo ilikuwa ya mke wa katekista, na tulicheka kwa sababu mke wa katekista mwenyewe alikuwa mnene.

Kulikuwa na moja tu ambayo mama hakumpa mtu. Ilikuwa nyeusi, ndogo, ina jicho jeupe, na iliitwa Bibi, kwa kuwa ilitoka mkononi mwa mama yake kule Mbeya. Wanawake walipoiomba alisema, "Bado ni mgeni wa udongo huu. Ikizoea nitagawa." Alisema hivyo kila mwaka. Punje zake hazikuwahi kuzidi viganja viwili.

Mimi nilidhani majina hayo ni mchezo wa kutufanya tule, kama mtu anavyomwambia mtoto tonge hili la baba, tonge hili la shangazi.

Sasa sikiliza jambo lililonipotosha. Shuleni kwetu alikuja bwana shamba, kaptura imepigwa pasi, soksi mpaka magotini. Akamwaga maharage kwenye ungo mbele ya darasa, akasema mbegu nzuri ni mbegu safi, ya aina moja, na atakayechagua haraka kuliko wenzake atapata penseli. Mimi nilimaliza wakati wenzangu wako nusu. Nyekundu huku, takataka kule. Bwana shamba alininyanyua mkono kama bondia. Penseli ile ilikuwa na kifutio kichwani, na nililala nayo. Tangu siku hiyo nikitazama kibuyu cha mama nilikuwa naona aibu. Niliona mama hakufundishwa, na kwamba ni umaskini tu uliomfanya achanganye.

Mafua yalitufikia kipindi cha baridi, wakati umande wa asubuhi unauma vidole vya miguu. Watu walisema yametoka mbali, ng'ambo ya bahari, yakaja na meli, halafu treni, halafu malori. Mimi nilisikia malori tu, nikaamini yako kwenye ule moshi mweusi unaotoka nyuma. Kwa hiyo kila lori lililopita barabara kuu nilijibana pua mpaka macho yakatoa machozi, na lilipokwisha kupita nilijiona nimeshinda.

Katika siku kumi kijiji kililala. Asubuhi ungesimama mlangoni na kusikia bonde zima likikohoa, nyumba hii ikijibiwa na ile, kama mbwa wanavyobweka. Shule ilifungwa kwa kuwa mwalimu naye alianguka. Katekista alisema watu wasali majumbani. Wazee watatu walizikwa kwenye wiki moja, na makaburi yalichimbwa na watu waliokuwa wakipumzika kila baada ya majembe matano. Na ile kazi ya pamoja tunayoiita mgowe, ambapo watu ishirini wanakulimia shamba lako siku moja na wewe unawapa pombe, haikuwapo tena. Nani angemwita nani? Baba alitutumia habari kwa mtu kwamba na yeye amelala kambini.

Mimi nilikohoa siku mbili nikapona. Hapo ndipo nilipoanza kujiona.

Vero alilala kwenye ngozi karibu na moto, mdomo umekauka, akiomba maji na kuyakataa. Mama alikuwa vibaya zaidi. Mwili ulichemka hadi ukimgusa unatoa mkono. Alisema maneno ya Kisafwa ambayo sikuyajua, akamwita mama yake mara kwa mara kana kwamba yuko nje anatwanga. Siku ya nne alinishika kifundo cha mkono.

"Baba. Kinyungu."

"Nipo, mama."

"Udongo utafunga. Shusha kibuyu. Panda yote. Usichague, umesikia? Panda yote kama yalivyo." Halafu, bila kupumzika, akasema, "Na umwambie mama afunge yule mbuzi, anakula majani ya paa."

Hatukuwa na mbuzi. Bibi alikuwa Mbeya, mwendo wa siku nzima kwa lori. Kwa hiyo niliyapima maneno yake kama mtu mzima, nikaona ya kinyungu ni ya kweli, ya mbuzi ni homa, na ya kutochagua nayo ni homa. Nani mwenye akili zake anakataza mtu kuchagua mbegu?

Nilishusha kibuyu. Mama alikuwa ameinua nusu ya matuta kabla hajaanguka, na nusu iliyobaki niliiinua mimi, kwa jembe lililonizidi urefu. Hili silirekebishi, hili ni la kweli na nalidai. Siku tatu. Viganja vilitoka malengelenge, yakapasuka, nikayafunga kwa majani, nikaendelea. Ukiona leo nawafokea vijana kiwandani kwangu ujue natokea kwenye matuta yale.

Siku ya nne nilikaa ukingoni mwa mfereji wa juu, nikamwaga kibuyu chote kwenye ungo, nikaanza kuchagua. Nyekundu kubwa huku. Zilizobaki zote kwenye sufuria. Zilikuwa nyingi, za njano, za kijivu, nyeupe, zambarau, na zile ndogo nyeusi zilizokuwa zinanitazama kwa jicho. Zilizoponyoka kwenye ungo sikuzifuata.

Mama Agatoni akatokea na mtungi, amejifunika blanketi mpaka kichwani, anatembea kama anayepima ardhi.

"Kamwene, mwana wa Msafwa."

"Kamwene, mama."

"Unafanya nini hapo?"

"Nachagua mbegu."

"Nani kakutuma uchague?"

"Bwana shamba."

"Bwana shamba mwenyewe analala chali anaita mama yake." Akakohoa, akaweka mtungi chini, akakohoa tena mpaka akachuchumaa. "Mama yako anajua?"

"Anajua," nikasema. "Yeye ndiye kasema."

Alinitazama, akatazama sufuria. Nadhani alikuwa na maneno mengi, na siku nyingine angenivuta sikio mpaka nyumbani. Siku ile hakuwa na pumzi ya maneno. Alisema tu, "Haya, bwana mkubwa," akachota maji yake nusu mtungi, akaondoka akisimama kila baada ya hatua chache.

Nilipanda nyekundu zangu kwa mstari, kwa kamba, kama tulivyofundishwa. Halafu nikarudi na sufuria, nikapika. Ndani ya nyumba hapakuwa na maharage mengine ya kula, na kwa siku mbili tulikuwa tukinywa uji mtupu, kwa hiyo niliona nimepiga ndege wawili kwa jiwe moja. Wagonjwa watapata chakula, na shamba limepata mbegu safi. Nilichochea moto mchana kutwa. Mchuzi ulitoka mweusi kidogo, kama maji ya wino.

Vero alikula, akaomba tena. Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Mama, homa ilikuwa imeanza kushuka siku ile, nikamwegemeza ukutani, nikamlisha kwa kijiko. Alimeza mara ya kwanza, akameza mara ya pili. Mara ya tatu akanishika mkono, akakivuta kijiko karibu na mwanga wa mlango. Kulikuwa na punje moja imebaki nzima. Jicho jeupe lilikuwa limekuwa kijivu kwa kuchemka.

"Umetoa wapi haya, Baba?"

"Kwenye kibuyu," nikasema, na najua uso wangu ulivyokuwa, kwa sababu nasikia mpaka leo sauti yangu ilivyokuwa. "Nimechagua, mama. Mazuri nimepanda yote. Haya mabaya ndiyo nimepika."

Aliitazama ile punje. Moto ulipasuka mara mbili tatu. Nilikuwa nasubiri kusifiwa, na nilipoona hasifu nikafikiri nimekosea kitu kingine.

"Chumvi haijatosha?" nikauliza.

Akaifungua midomo, akala ile punje, akatafuna polepole sana.

"Imetosha," akasema. "Chumvi imetosha." Akajigeuza ukutani, nikamfunika. Mabega yalitikisika. Nikajua homa imerudi.

Baada ya hapo watu walianza kuinuka, mmoja leo, mmoja kesho, wamekonda na macho makubwa. Kinyungu changu kiliota vizuri kuliko chochote bondeni. Mistari imenyooka, majani sawasawa, urefu mmoja. Watu wakipita njia ya juu walisimama kutazama, na mimi nilihakikisha niko hapo nikipalilia pasipo na jani. Mama aliteremka kwa fimbo siku ya kwanza aliyoweza kutembea. Akazunguka matuta yote. Akaokota ungo niliouacha ukingoni, uliokuwa umelowa umande majuma mawili, akaukung'uta, akapitisha kidole kwenye msuko wake, mstari kwa mstari, kwa muda mrefu. Nilidhani anatafuta palipotoboka.

Halafu ikaja asubuhi moja ya barafu. Nyinyi wa huko chini hamuijui. Anga linakuwa safi mno usiku, na alfajiri bonde lote ni jeupe kama limenyunyiziwa unga. Jua likipanda, ule weupe unayeyuka, na chini yake majani ni meusi, yananing'inia kama matambaa. Nyekundu kubwa haikuwahi kuvumilia barafu. Mama mkwe wake alipompa mbegu hiyo alimwambia hivyo. Kila rangi kwenye kibuyu kile ilikuwa na adui wake na uwezo wake: hii inavumilia baridi, hii inavumilia maji yakizidi, hii inazaa upesi, hii inachelewa lakini majani yake ni mboga nzuri. Ukipanda zote pamoja, mwaka ukija na ubaya wowote, kuna zitakazosimama. Hayo nayajua sasa. Siku ile nilijua tu kwamba kazi yangu yote imekufa kwa asubuhi moja, na kwamba tutakula nini mwezi wa kwanza sikujua.

Mama alisimama katikati ya mistari yangu. Hakunipiga. Akaenda mpaka ukingo wa juu, pale nilipokuwa nimekaa kuchagua, akapiga magoti. Pale palikuwa na mashina manane, yametawanyika ovyo, yamesimama. Zile zilizoponyoka kwenye ungo. Manne ya kijivu, matatu ya njano, moja la nyeupe, mama aliyatambua kwa majani.

Nikamkimbilia nyuma na kusema, "Hizo nilizipanda makusudi, mama. Za akiba."

Mama alinitazama, halafu akacheka. Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia, akajishika kifua huku bado anacheka. Nikaona nimemfurahisha. Ndiyo siku hadithi yangu ilipoanza.

Wiki ile wanawake walianza kuja. Mmoja mmoja, blanketi mabegani, upindo wa kanga umefungwa fundo. Walipiga hodi, wakasalimia, wakafungua fundo, wakamwaga konzi ya maharage kwenye ungo wa mama. Mama Agatoni wa kwanza, na konzi yake ilikuwa na rangi tatu.

"Haya yako mwenyewe uliyonipa mwaka juzi," akasema. "Yamezaa, yanarudi kusalimia." Kisha akanigeukia. "Na wewe, bwana shamba, mikono yako iweke nyuma."

Kila aliyekuja alinitazama akatikisa kichwa, au akacheka puani, na mke wa katekista akanibana shavu. Mimi nikajua sababu. Wamesikia. Mtoto wa miaka tisa kalima kinyungu peke yake wakati wanaume wamelala, na wao wamekuja na maharage kumpongeza. Nilisimama karibu na mlango ili kila mmoja anione. Wakipita na kucheka, nami nikawa nacheka.

Mama alipanda upya kabla udongo haujafunga, mchanganyiko, bila kamba. Kilizaa. Mwezi wa kwanza tulikula, na mahindi yalipokomaa kibuyu kilikuwa kimejaa tena juu ya moshi.

Katikati ya hapo lilikuja lori kutoka Mbeya, na utingo wake alikuwa mtu wa kwao mama. Alikataa kukaa. Bibi alikuwa amekufa na mafua yale yale, siku zile zile mama alipokuwa akimwita. Mama alipanda lori lile lile lilipokuwa linarudi. Alikaa siku nane. Nilimpokea barabarani nikamuuliza ameniletea nini. Alikuwa na kitenge cha bibi, basi. Waombolezaji walikuwa wengi, ghala lilipikwa lote, na mbegu nayo ikapikwa, kama inavyotokea kwenye msiba mkubwa. Hilo nililisikia akimwambia Mama Agatoni jikoni, na sikuliona kama jambo linalonihusu.

Niliuliza siku moja tu, nilipokuwa nachezea kibuyu: "Rangi zote zimerudi, mama?"

"Zimerudi, Baba."

Nikaamini. Nikaenda nayo hiyo hadithi maisha yangu yote. Nilipokuwa kibarua msituni, nilipolala njaa Iringa mjini, niliponunua msumeno wa kwanza, nilikuwa nikijiambia wewe ni yule wa miaka tisa, hakuna aliyekusaidia. Imenifikisha mbali hadithi hiyo. Siwezi kuikana.

Mama tumemzika mwezi wa tatu, mvua inanyesha. Nilitoa ng'ombe wawili, nikatoa lori la kubeba watu, mazishi ambayo kijiji hakijawahi kuyaona. Siku ya kuanua matanga Mama Agatoni, ambaye sasa anatembea kwa magongo mawili na ulimi haujapungua makali, akasema kibuyu cha marehemu hakirudi juu ya moshi. Kigawiwe. Akaniambia nigawe mimi.

Nikakaa kwenye mkeka na suti yangu. Wanawake wakapita na mapindo ya kanga, wazee na wasichana, kila mmoja konzi. Njano, kijivu, nyekundu, nyeupe, zambarau. Sikuchagua. Nilipofika mwisho nikakigeuza kibuyu nikakigonga, kikatoka kifundo kidogo cha kitambaa, kipande cha kitenge kilichopauka. Nikakifungua. Punje moja nyeusi. Jicho jeupe.

Nikasema kwa sauti kubwa, kwa furaha, "Aa, hii ndiyo ile ya Bibi! Na zenzake ziko wapi?"

Mama Agatoni alikuwa ananitazama.

"Ulizila, baba," akasema. "Wewe na Vero na mama yako. Na chumvi ilitosha."

Watu walipotawanyika alinieleza. Ile punje mama aliikuta imenasa kwenye msuko wa ungo, siku ile nilipodhani anatafuta tundu. Hapakuwa na nyingine bondeni, kwa kuwa hakuwa amempa mtu. Rangi zote alizogawa zilimrudia. Aliyoizuia ndiyo iliyopotea, na baada ya msiba wa Mbeya hapakuwa na mahali pa kuiomba.

"Nilimwambia, ipande hiyo moja," akasema Mama Agatoni. "Moja inaweza kuzaa. Akakataa. Akasema, nikiipanda ikafa, nitalia, na huyu mtoto ataniuliza nalilia nini. Sasa hivi hajui. Mwache ajisifu, ana miaka tisa."

Akavuta magongo yake, akajiinua.

"Miaka tisa," akasema. "Na wewe ukaendelea mpaka mvi."

Konzi moja nilikuwa nimejiwekea. Juma lililopita niliteremka kwenye kinyungu cha mama, nikavua viatu, nikaipanda yote kama ilivyo, bila kamba. Ile nyeusi sikuipanda. Miaka yote hiyo kwenye majivu, imeshakufa, najua mbegu. Nimeirudisha kwenye kitambaa chake, na kitambaa kwenye kibuyu.

Jana mke wangu ameuliza kwa mara ya tatu. Nikatoa kizibo, nikamfungulia kifundo kiganjani.

"Hii ni ya bibi yangu wa Mbeya," nikamwambia. "Zenzake nilizipika mimi."